Mwalimu Mdogo wa Katwe

Katika filamu za familia ambazo umri wangu umeniruhusu kuzitazama, mtoto aghalabu huletwa mbele ya macho yetu kwa moja ya makusudi mawili: ama atuchekeshe kwa werevu unaowapita watu wazima waliomzunguka, ama atutoe machozi kwa mateso ambayo hakuyatafuta wala hakuyastahili. Shirley Temple wa Marekani, aliyetunukiwa tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1935 ilhali hajatimiza miaka saba, alikuwa stadi wa yote mawili kwa pamoja. Shashi Kapoor aliicheza sehemu ya utotoni ya shujaa wa Awaara, filamu ya Kihindi ya mwaka 1951 ambayo niliiona ujanani mwangu katika sinema ya Metropole mjini Arusha, na sijasahau jinsi ukumbi mzima, Waafrika kwa Wahindi, ulivyomlilia mtoto yule hata kabla kaka yake Raj Kapoor hajatokea kuiendeleza sehemu hiyo ukubwani. Naye Macaulay Culkin, aliyewaadhibu wezi wawili peke yake katika Home Alone ya mwaka 1990, alifika hata kwetu, Katesh na Dongobesh, kwa kanda za video, akasimuliwa kwa Kiswahili na vijana wa vibandani, ambao walimtilia kinywani maneno ambayo mama yake, lau angaliyasikia, angalimchapa kwayo.

Wote hao nawapenda, wala sina nia ya kuwapunguzia sifa. Walakini katika kazi ya ualimu wa shule ya msingi, niliyoifanya kwa takriban miaka arobaini katika wilaya za Mbulu na Hanang hata nikastaafu, nilikuwa nikimwona kila siku mtoto wa namna ya tatu, ambaye hachekeshi wala halizi, bali analijua jambo ambalo mwenziwe mkubwa halijui, na maadamu analijua hulisema, bila ya kujali kimo cha anayeambiwa. Mtoto huyo sikupata kumwona katika filamu yoyote mpaka mpwa wangu, mwalimu kama mimi, aliponiletea kutoka Arusha dividii ya Queen of Katwe, akaniambia, “Mjomba, hii itazame mpaka mwisho, usilale njiani kama kawaida yako.”

Filamu hiyo iliongozwa na Mira Nair, mzaliwa wa Uhindi ambaye kwa miaka mingi ameifanya Kampala kuwa moja ya maskani zake, na ambaye alianzisha huko Maisha Film Lab ili vijana wa Afrika Mashariki wapate kufunzwa kazi ya filamu kwao wenyewe. Ikatolewa na kampuni ya Disney mwezi Septemba mwaka 2016. Kisa chake si cha kubuni. Phiona Mutesi alikuwa binti wa Katwe, mtaa wa mabanda na matope katika jiji la Kampala, ambaye baba yake alifariki yeye angali mchanga, na ambaye mama yake, Harriet, hakuwa na njia ya kumlipia karo, hata ikambidi binti auze mahindi barabarani ili nyumbani kupatikane cha kutia chunguni. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, alimfuata kwa siri kaka yake Brian mpaka mahali ambapo kijana wa shirika moja la Kikristo, Robert Katende, aliwapa watoto uji na kuwafundisha sataranji; na kutoka kwenye kikombe kile cha uji akafika Siberia mwaka 2010 kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huo, kisha Istanbul mwaka 2012, ambako alijipatia daraja la kimataifa ambalo kabla ya mwaka ule hakuna mwanamke wa Uganda aliyekuwa amelipata.

David Oyelowo ndiye Katende wa filamu, na Lupita Nyong'o, Mkenya aliyekuwa ameipokea Oscar mwaka 2014, ndiye mama. Phiona akachezwa na Madina Nalwanga, ambaye hakuwa ameigiza kabla ya hapo, aliyeonekana katika darasa la ngoma mjini Kampala, na ambaye katika maisha yake mwenyewe naye aliwahi kuuza mahindi barabarani. Nadhani ndiyo sababu hakuna mtu anayehitaji kushawishiwa anapomwona akipenya katikati ya magari na mzigo wake. Shingo ile imezoea kubeba. Ni binti wa macho mazito, mchache wa maneno, na mwongozaji alifanya hekima kutomlazimisha kutabasamu ovyo.

Watu wengi niliozungumza nao juu ya filamu hii humkumbuka Phiona akishinda. Mimi humkumbuka akifundishwa. Anapoingia kwa mara ya kwanza mahali pale, watoto wenziwe wanamcheka kwa harufu na uchafu wake, naye hakawii kuwarukia kwa ngumi. Na Katende, mahali ambapo mwalimu mwingine yeyote angalimtoa binti nje kwa masikio, anaiona ghadhabu ile kuwa ni rasilimali, anamkaribisha, kisha anampa wa kumfundisha. Hakumpa kaka yake, wala hakukaa mwenyewe mbele ya ubao. Alimpa Gloria, kitoto cha kike kilichokuwa kidogo kuliko yeye kwa kila kipimo. Gloria Nansubuga wa kweli alikuwa na umri wa miaka minne wakati huo. Filamu ilimwongezea miaka, kwa kuwa sehemu yake ilichezwa na Nikita Pearl Waligwa, aliyekuwa na kama miaka kumi.

Sehemu yenyewe ni fupi. Wameketi wawili, na ubao kati yao, na Gloria anamweleza mwenziwe kete zinavyokwenda: mfalme, farasi, ngome, mpaka anapomfikia askari, kete iliyo duni kuliko zote, anayetembea hatua moja moja na ambaye, akijaliwa kuvuka uwanja mzima bila ya kuliwa, hugeuka malkia. Hilo la mdogo kuwa mkubwa ndilo analolipenda katika mchezo, na analisema kwa fahari bila ya upole wowote. Waandishi wengi wameyashika maneno yale kwa maana yake, wakayaona kuwa ni bishara ya maisha ya Phiona, na hawakukosea. Lililonishika mimi ni namna anavyoyasema. Nikita hakumfanya Gloria kuwa malaika. Ana kiburi cha mtu aliyejifunza jambo juzi, anaamuru, anamtazama mkubwa wake kwa mshangao wa mtu asiyeelewa inawezekanaje jambo jepesi namna hii lisijulikane; na katika mshangao huo hamna hata chembe ya dharau. Ukali huo usio na dharau ndio nilioutambua, kwa sababu nimeishi nao.

Katika miaka ya sabini, baada ya Mwalimu Nyerere kuufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, vijana waliomaliza darasa la saba walitakiwa kuingia vijijini wakawafundishe wazee kusoma na kuandika. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini Tanzania walikuwa asilimia 67. Ilipofika 1975 walikuwa wamepungua hadi asilimia 39, na katika pengo la tarakimu hizo mbili mna maelfu ya vijana wasio na ndevu walioshika chaki mbele ya baba zao. Mimi nilikuwa mmoja wao, katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Mbulu, mahali ambapo ukungu wa Julai hauondoki mpaka saa nne za asubuhi na ambapo, kwa desturi za Wairaqw, kijana hana ruhusa ya kumkatiza mzee anenapo, sembuse kumwambia kwamba amekosea.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwapo mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na heshima kubwa zaidi, ambaye alihudhuria siku za mwanzo akiwa amejifunika blanketi yake, asiseme neno, asiandike neno. Nilidhani hapendi. Jioni moja wenziwe walipokwisha kuondoka akaniita, akanieleza masharti yake kwa utulivu wa mtu anayepanga mahari: yeye atakaa juu ya kigoda chake, mimi nitakaa chini, ubao hautaki, niandike mavumbini kwa kijiti, na akikosea nisiseme kwamba amekosea, nifute tu, naye ataelewa. Nikakubali. Nikawa nakaa chini miguuni pake, naandika a na e na i katika mavumbi ya ua wake, nafuta kwa kiganja, naandika tena. Mkewe alipopita na kuni alikuwa akigeuza uso asionekane anacheka. Kabla ya mvua za masika mzee yule alilisoma jina lake katika kadi ya chama cha ushirika, akaikunja kadi, akaitia katika mkunjo wa blanketi, akaniuliza kama nimekula.

Nilitoka pale nikiwa nimeamini kwamba siri ya kumfundisha mkubwa ni unyenyekevu: kujishusha mpaka yeye asahau kwamba unamzidi kitu. Imani hiyo ilinifaa kwa miaka mingi. Ilitiwa mashakani mwaka 2002 na miaka iliyofuata, serikali ilipokwisha kufuta karo za shule za msingi, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipotuletea madarasani umati ambao hatukuwa na madawati ya kuuketisha. Pamoja na MMEM ulikuja MEMKWA, mpango wa watoto waliokosa shule kwa wakati wake, ulioanzia kwa wenye umri wa miaka 11.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Hanang, katika shule iliyo upande wa tambarare za Basotu. Mwenye kuijua nchi ile ajua kwamba tangu mwanzo wa miaka ya sabini malisho yake yaliyo bora, ekari zipatazo 100,000, yaligeuzwa kuwa mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada, na kwamba Wabarabaig, ambao mifugo yao ilikuwa ikilishwa pale msimu kwa msimu, walisukumwa pembeni, hata mchungaji akalazimika kutembea mbali zaidi kutafuta majani na maji. Mchungaji huyo, katika nyumba nyingi, ni mtoto. Ukiuliza kwa nini kijana wa miaka kumi na mitatu hajui herufi, jawabu si kwamba baba yake ni mjinga wa thamani ya shule. Jawabu ni kwamba ng'ombe hawajui Jumatatu.

Basi alikuja kijana mmoja, mrefu, fimbo mkononi, ambayo ilimpasa aiache nje ya mlango na ambayo kila baada ya muda aligeuka kuihakikisha. Nilimkalisha karibu yangu. Nilitumia naye hekima yangu yote ya mavumbi na kigoda: sauti ya chini, subira, kufuta bila ya kulaumu. Hakusogea. Alizichanganya b na d kwa uthabiti ambao ungalifaa jambo jema, na kadiri nilivyomwonea huruma ndivyo alivyozidi kuinama. Siku moja nilipotoka darasani kumpokea mgeni, nikarudi, nilikuta binti wa darasa la kwanza, asiyefika kiunoni mwa kijana yule, amesimama mbele yake na bua la hindi, anagonga daftari. “Siyo! Hii tumbo liko mbele, hii tumbo liko nyuma. Hebu tena. Siyo! Wewe husikii?” Nilikuwa tayari kuingilia kati kuiokoa heshima ya mkubwa. Kijana alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka na kuandika, na alichokiandika kilikuwa sahihi.

Nimelifikiri jambo lile kwa miaka mingi, na sidhani kwamba binti alikuwa mwalimu bora kuliko mimi kwa maana inayokubalika chuoni. Alikuwa na vitu viwili ambavyo mimi sikuwa navyo tena. Cha kwanza ni kwamba alikumbuka. Miezi michache tu iliyopita yeye mwenyewe alikuwa amezichanganya herufi zile zile, na tumbo la mbele na tumbo la nyuma ndilo daraja alilovukia, ilhali mimi nilikuwa nimevuka zamani hata nisijue tena kama palikuwa na mto. Cha pili ni kwamba hakumhurumia. Huruma yangu ilimkumbusha kijana kila dakika kwamba yeye ni mkubwa aliyechelewa. Ukali wa binti haukumkumbusha kitu, kwa kuwa binti hakuwa na habari kwamba kuna aibu yoyote mle ndani. Mzee wa Mbulu alitaka nijishushe kwa sababu yeye alikuwa na heshima ya kulinda. Kijana wa Basotu alihitaji mtu asiyeijua aibu kabisa, na mtu huyo hapatikani ila miongoni mwa wadogo.

Wakenya wanayo filamu inayolikaribia jambo hili kwa upande mwingine: The First Grader ya mwaka 2010, inayosimulia habari za Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, akaketi na kaptura ya shule katikati ya watoto wa miaka sita. Ni filamu njema, ila watoto waliomo wapo kwa ajili ya kumshangilia mzee, na moyo wa kisa uko baina yake na mwalimu mwenye cheti. Ningalipenda kujua ni mtoto yupi hasa aliyeketi naye dawati moja, na alimwambia nini siku alipokosea.

Nikirejea Katwe, sikusudii kusema kwamba filamu ile haina ila. Katende ananena kwa methali zaidi ya apendavyo mwalimu yeyote wa kweli aliyechoka. Na watu wa mtaa ule wanazungumza Kiingereza kwa ufasaha ambao mtaa wenyewe, uliozoea Kiganda, ungaliucheka. Hayo ni ya biashara, na Disney ina watazamaji wake. Lakini mwenye kutengeneza filamu ya familia, akiwa na nyota mtoto mkononi, mara nyingi hawezi kujizuia kumweka nyota yule katikati ya kila jambo jema. Mira Nair alimpa mtoto mwingine, mdogo zaidi, ufunguo wa hadithi nzima, akamwachia autie kufulini kwa dakika mbili na kuondoka.

Tangu nilipostaafu nimekuwa nikikaa na watoto wachache barazani kwangu jioni, si mbali na Katesh, wale ambao wazazi wao huona kwamba madarasa yamejaa mno tangu elimu bila ada ya mwaka 2016. Katika mwaka 2024 nikaazima projekta, tukatandika shuka ukutani, nikawaonyesha filamu hii. Kwa kuwa Kiingereza chao ni kichanga, nilimwomba kijana mmoja wa bodaboda, ambaye zamani alikuwa msimuliaji katika kibanda cha video mjini, aje atusimulie. Akaja, akasimama kando ya shuka akiwa bado na koti lake la pikipiki, akaifanya kazi ile kwa kipaji ambacho kinastahili malipo makubwa kuliko soda mbili. Alimfanya Harriet aseme kama mama wa sokoni Katesh. Gloria hakumwongezea neno. Alisema kwamba kitoto hiki kinajitosheleza.

Jambo moja lilinitia wasiwasi kabla ya siku ile. Katika filamu mvua inanyesha, na maji yanaingia kwa nguvu katika makazi ya familia ile, usiku, na mama anahangaika katika mafuriko. Watoto wangu walikuwa wameamka alfajiri ya tarehe 3 Desemba mwaka 2023, Jumapili, siku ambayo mlima Hanang uliteremsha tope, mawe na miti juu ya Katesh, Gendabi, Jorodom na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Kwao mmoja wa watoto wale walikuwa wamezikwa ndugu wawili. Nilifikiri niiruke sehemu hiyo, kisha nikaiacha, kwa hoja kwamba wao wanajua mvua kuliko mimi. Ilipofika, msimuliaji alinyamaza kwa hiari yake. Binti mmoja alitoka nje akasimama barazani, mgongo kwa shuka. Waliobaki walitazama bila ya kupepesa, mpaka kijana mdogo, kwa sauti ya mtu anayetoa tathmini, akasema, “Hayo ni maji tu.” Wenziwe wakakubali. Wakaanza kubishana kwa sauti za chini juu ya tofauti ya maji na tope: kwamba maji humwacha mtu ashike kitu, tope halimwachi, kwamba maji yana kelele moja, tope lina mbili. Binti akarudi kusikiliza, akawasahihisha, maana nyumba yao ilikuwa karibu zaidi na mkondo. Ubishi ule ulichukua muda mrefu kuliko sehemu yenyewe, na Phiona akashinda michezo kadhaa ukutani bila ya mtu kumtazama.

Mwishoni kuna jambo ambalo watengenezaji walilifanya kwa adabu nzuri: waigizaji wanasimama mmoja mmoja pamoja na watu waliowacheza, Lupita na Harriet, Oyelowo na Katende, Madina na Phiona, Nikita na Gloria aliyekwisha kuwa msichana mkubwa. Watoto walisimama wote. Walitaka kujua yupi ni wa kweli, na nilipowaambia kwamba wote ni wa kweli hawakuridhika. Wakauliza kila mmoja sasa yuko wapi. Nikawaambia kwamba Phiona alikwenda chuo kikuu Marekani, katika jimbo la Washington. Nikawaambia pia habari ya Nikita, kwa maana waliiuliza waziwazi na mimi siwezi kuwadanganya watoto waliokwisha kuzika: kwamba mwaka ule ule filamu ilipotoka aligunduliwa na uvimbe katika ubongo, akapelekwa Uhindi kwa matibabu kwa msaada wa wale aliofanya nao kazi, akapona, akarudi shule ya Gayaza, kisha uvimbe ukarejea, akafariki mwezi Februari mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 15. Mmoja akauliza kama alimaliza kumfundisha yule mwenzake. Nikasema ndiyo, hilo alilimaliza.

Kwa majuma yaliyofuata baraza langu liligeuka uwanja wa sataranji. Ubao ulikuwa ni kipande cha boksi la sabuni, miraba 64 iliyopakwa makaa, na kete ni vizibo vya soda: vya rangi moja kwa upande huu, vya nyingine kwa upande ule, na mfalme akapewa punje ya hindi juu ya kichwa. Sheria walizitoa katika filamu, nyingine wakazitunga. Binti yule aliyetoka nje wakati wa mafuriko akawa mwamuzi, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mvulana wa Kibarabaig aliyemzidi kwa kichwa kizima, ambaye alikuwa amekuja kwangu kwa ajili ya kusoma, akawa sasa anasomeshwa na binti kila kitu kwa pamoja, hesabu, herufi na mwendo wa farasi, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Sauti hiyo ikamfikia baba yake. Akaja jioni, akaniamkia kwa heshima, tukaulizana habari za mvua na za ng'ombe kwa urefu unaopasa, kisha akasema, “Mwalimu, nimesikia mwanangu anafokewa na kabinti ka jirani.” Sikubishana naye. Nikamwambia, “Kaa, ndugu yangu, kuna kitu nataka ukione,” nikamfungulia filamu katika kompyuta ndogo, tukaitazama wawili, mimi nikimsimulia vibaya kwa kadiri ya uwezo wangu. Alipomwona Gloria alivuta kigoda karibu. Hakusema lolote mpaka mwisho. Kisha akauliza yule kijana wa uji alikuwa akilipwa shilingi ngapi. Nikamweleza kwamba katika filamu Katende alipata nafasi ya kazi ya uhandisi, kazi aliyoisomea, akaiacha kwa ajili ya watoto wale. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyesikia habari za uchawi.

“Na kale kabinti?”

“Kapi? Ka Katwe, au ketu?”

“Ketu. Unakalipa?”

Nikasema la. Akashika fimbo yake, akaaga. Asubuhi yake alipeleka kibuyu cha maziwa nyumbani kwa wazazi wa binti, akakiweka mlangoni na kwenda zake bila ya maelezo, na jirani zangu, ambao hawakuwa na deni wala udugu naye, wakaja kwangu na kibuyu mkononi kuniuliza maana yake nini. Nikawaambia wanywe kwanza, habari yenyewe ni ndefu.